Rododendroni fupi zikiugua, tazama mizizi kwanza

Watu hunitumia picha za majani. Jani la njano, jani lililokunjamana, jani lenye madoa, na chini yake swali: "Kaka, nipulize dawa gani?" Nami humjibu kila mmoja vilevile: chomoa mche kwenye chungu, piga picha mizizi, halafu tuongee. Wengi hawalipendi jibu hilo, maana dawa inapatikana dukani na kuchomoa mche kunachafua mikono. Lakini tangu nianze kulea maua haya hapa Glasgow, vyungu kumi na vinne mlangoni na tuta moja nyuma ya nyumba, majani yaliyougua kwa kosa la majani yenyewe ni machache mno.

Kwa asiyeyajua: rododendroni ni ukoo mkubwa, una aina za asili zipatazo 1,000, na azalea zimo humohumo. Fupi ninazozisema hapa ni zile zinazoishia magotini au kiunoni. Kuna impeditum, yenye vijani vidogo kuliko ukucha na maua ya zambarau. Kuna 'Scarlet Wonder' nyekundu, kuna 'Ramapo', na kuna machotara mengi ya yakushimanum, aina iliyotoka kisiwa cha Yakushima huko Japani. Wazazi wa nyingi kati ya hizi ni wa milimani, Yunnan, Sichuan na Himalaya. Kule mizizi yao inatambaa juujuu kwenye kuvumwani na majani yaliyooza. Ukungu unawalowesha, mteremko unayaondoa maji. Mizizi yenyewe ni myembamba kama nywele, haishuki chini, na inaishi kwa kushirikiana na kuvu wadogo wa udongoni wanaoitafutia chakula.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, kwa hiyo kuhusu udongo nina njia fupi ya kueleza: wanataka udongo wa chai. Pale mchai unapostawi, Rungwe, Mufindi, Lushoto, Kericho au Limuru, pana tindikali ya kutosha, pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi) kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Rododendroni huvumilia hadi karibu 6. pH ikizidi hapo, matatizo yanaanza.

Umenyauka, na maji unaupa kila siku

Mwaka juzi kijana mmoja anayesoma hapa alinipigia simu.

"Shikamoo kaka. Lile ua langu limekufa."

"Marahaba. Limekufa au limenyauka?"

"Sijui kaka, ila maji nalipa kila asubuhi."

Nikaenda. Nikakuta chungu kizuri cha udongo, na mche umelegea kama mchicha wa jana. Nilipokinyanyua, kilikuwa chepesi kama kikapu kitupu. Tukauchomoa. Kwa nje udongo ulikuwa na unyevu kidogo, lakini nilipopenyeza kidole katikati ya bonge la mizizi likatoka vumbi.

Miche hii mara nyingi huuzwa ikiwa imeoteshwa kwenye mboji ya kinamasi (peat). Mboji hiyo ikishakauka kabisa huwa inakataa maji. Unamwaga, yanateleza pembeni mwa chungu, yanatokea kwenye tundu la chini, nawe unaridhika kwamba mche umeshiba. Haujagusa tone. Dawa yake ni ndoo. Kizamishe chungu kizima hadi maji yafunike udongo. Utaona mapovu yanapanda, kwanza kwa wingi, kisha moja moja. Yakiisha, mara nyingi baada ya nusu saa, kitoe ukiache kichuruzike. Ule wa kijana ulisimamisha majani kesho yake jioni. Tangu siku hiyo hamwagilii kwa ratiba, anakinyanyua chungu kwanza ausikie uzito wake.

Sasa kuna kinyume chake, na kwa macho vinafanana kabisa: majani yamelegea, lakini chungu ni kizito. Hapo mizizi imezama. Nusa udongo, ukinuka kama mtaro jua hewa iliisha zamani. Mzizi mzima una ncha nyeupe au kahawia hafifu na hauvuki ganda. Uliooza umekolea weusi, na ukiuvuta ganda la nje linavuka lote, unabaki uzi mwembamba wa katikati mkononi. Kata iliyooza, kung'uta udongo wa zamani, panda upya kwenye udongo wa mimea ya tindikali uliochanganywa na magome ya msonobari yaliyopondwa, na chagua chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki. Sahani ya chini iondoe, hasa majira ya baridi, na chungu ukiinue juu ya vipande vya tofali ili tundu lisigusane na sakafu.

Kosa linaloleta ugonjwa huu kuliko yote ni la mapenzi. Mtu ananunua mche wa kimo cha kiganja anaupa chungu cha ukubwa wa pipa, "ukue kwa nafasi". Udongo wote ule usio na mizizi unakaa na maji wiki nzima bila wa kuyanywa. Ongeza sentimita tatu hadi tano tu kila unapobadili chungu.

Bustanini hadithi inabadilika kidogo. Ukipanda bonge la mboji kwenye udongo wa mfinyanzi bila kulilegeza, mizizi hukataa kutoka humo. Inazunguka ndani ya umbo la chungu ambacho hakipo tena. Mfinyanzi umelowa chapachapa, bonge ni kavu, na mche unakufa kwa kiu katikati ya tope. Nimewahi kung'oa mche uliokaa ardhini mwaka mzima na ukatoka kwa mkono mmoja, umbo la chungu bado liko vilevile, hata alama za matundu unaziona. Kabla ya kupanda lizamishe bonge majini, kisha lichane kwa vidole. Likiwa gumu kama mkeka, likate kwa kisu pembeni, mistari mitatu minne. Moyo unauma lakini mche unapona.

Halafu kina. Sehemu ya juu ya bonge ikae usawa wa udongo au juu yake kidogo, kisha funika kwa matandazo ya magome, sentimita tano, yasiguse shina. Shimo liwe pana mara mbili tatu ya bonge, lisiwe refu kwenda chini. Wengi wetu tumezoea kupanda migomba, kule unazika na hakuna tatizo. Rododendroni ukiizika sentimita tano tu inaanza kufifia taratibu, na unaweza kukaa miaka miwili unatafuta wadudu ambao hawapo. Na usilime kuizunguka kwa jembe. Mizizi ipo palepale juu, kwa hiyo magugu yang'oe kwa mkono.

Kuna kunyauka kwa aina ya tatu, na huko sina habari njema. Tawi moja linalegea, kisha jingine. Unaloweka, unabadili udongo, hakuna kinachosimama. Kwangua gome kwa ukucha chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini. Pakiwa kijani, tumaini lipo. Pakiwa kahawia nyekundu na rangi hiyo inapanda juu kama doa la chai kwenye kitambaa, huyo ni Phytophthora, kiumbe kinachofanana na kuvu kinachosafiri kwenye maji ya udongoni. Hakuna dawa ya mtu wa kawaida itakayouponya mche uliofika hapo. Ung'oe na udongo wake, usiutupe kwenye mboji, chungu kioshe kabla ya kukitumia tena, na ardhini usirudishie rododendroni palepale. Ndugu yake mmoja, Phytophthora ramorum, hupitia juu: jani linaanza kuwa jeusi kwenye kikonyo na weusi unafuata uti wa katikati. Hapa Uingereza ukiushuku ugonjwa huo unatakiwa kuwaarifu wakaguzi wa afya ya mimea, kwa sababu unaua pia miti ya misitu.

Njano, lakini njano ipi?

Usiniambie tu "majani yamekuwa njano". Niambie ni majani gani. Ya kwenye ncha, machanga, au ya chini, makongwe? Na mishipa ya jani imebaki kijani au nayo imegeuka?

Jani changa likiwa njano na mishipa yake kijani kama ramani ya mito, mche umekosa chuma. Mara nyingi chuma kipo udongoni tele. Tatizo ni chokaa, ambayo ikizidi hukifanya chuma kisiyeyuke na mizizi isikipate. Kwa hiyo swali linakuwa: chokaa imeingilia wapi?

Fungua birika lako la umeme utazame ndani. Langu la hapa Glasgow ni jeupe safi miaka yote, kwa sababu maji yetu yanatoka Loch Katrine, ziwa la milimani lililoanza kulisha jiji mwaka 1859, na ni laini kama ya mvua. Dada mmoja wa Mombasa anayekaa London alinitumia picha ya birika lake: ukoko mweupe mnene kama wa uji. Maji yale yamepita kwenye miamba ya chokaa. Kila alipomwagilia azalea zake alikuwa anazilisha chokaa kijiko kwa kijiko, na mwaka wa pili zikawa njano zote. Kama birika lako ni kama lake, tega pipa chini ya bomba la paa, umwagilie maji ya mvua. Lakini usielewe vibaya: kiangazi kikikaza na pipa likikauka, mpe ya bomba. Wiki mbili za maji ya chokaa hazitamuua, wiki mbili bila maji zitamuua.

Mimi mwenyewe, pamoja na maji yangu laini, nilipata njano ileile. Mche mmoja kati ya watano, ule ulio karibu na ukuta. Nilinyunyiza chuma cha maji, ukawa kijani, mwezi ukaisha, njano ikarudi. Nilipochimba pembeni yake nikakuta vipande vya lipu na saruji, kifusi alichofukia fundi wa zamani badala ya kukizoa. Nilipomwagia siki kidogo kikachemka kama soda. Jaribio hilo linafaa hata kwa udongo: chukua kijiko kimoja kikavu, mwagia siki, ukisikia kinatoa povu chokaa ipo nyingi, usihangaike kupanda hapo. Kutotoa povu hakukuhakikishii kwamba ni salama, kwa hiyo nunua na kile kipimo cha rangi cha pH, chukua udongo wa kina cha sentimita kumi kutoka sehemu tatu, tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake.

Na majivu! Sisi tumelelewa kumwaga majivu bustanini, na kwa mchicha yanafaa kweli. Kwenye rododendroni majivu ni chokaa kwa jina lingine. Maganda ya mayai vilevile, ingawa yanaenda polepole.

Tiba inategemea chanzo. Chuma cha maji kilichotengenezwa ili kisishikwe na chokaa, kinauzwa kwenye chupa kwa ajili ya mimea ya tindikali, kinarudisha kijani ndani ya wiki chache, ila ni panadoli tu. Kwenye chungu badili udongo wote. Ardhini, unga wa salfa hushusha pH, lakini ni bakteria wanaoifanya kazi hiyo nao huchukua miezi. Mahali penye mwamba wa chokaa usishindane nao: jenga tuta la kuinuliwa, sentimita thelathini za udongo wa tindikali, au baki na vyungu. Wajerumani wameunganisha rododendroni kwenye shina la chini linalovumilia chokaa, zinauzwa kwa jina la Inkarho. Ni ghali kidogo, ila kwa mtu wa London huenda ndiyo njia ya amani.

Usichofanya: machicha ya kahawa. Najua kila mtu anayasifia. Kahawa ikishapikwa tindikali nyingi imekwenda kwenye kikombe chako, machicha yanabaki karibu na pH ya kati, na ukiyarundika yanaganda kama sakafu na kuzuia maji. Siki hushusha pH siku mbili tatu kisha inarudi. Na alumini salfeti, ile ya kugeuza maua ya haidrenja kuwa buluu, usiithubutu, alumini inadhuru mizizi hii.

Ikiwa chokaa haipo kabisa na majani machanga bado ni njano, rudi sehemu ya kwanza. Mzizi uliozama au uliozikwa haunyonyi chuma hata kikiwepo.

Nyingine nazipitia haraka. Majani makongwe njano katikati ya mishipa, machanga mazima: upungufu wa magnesi, tumia chumvi ya Epsom kwa kipimo cha pakiti. Mche wote umepauka, jani zima hadi mishipa: njaa ya naitrojeni, huja sana pale mtu alipochanganya udongo na maranda mabichi ya mbao. Majani machache ya ndani kabisa kugeuka njano na kudondoka mwishoni mwa kiangazi: huo ni uzee. Jani la rododendroni huishi miaka miwili mitatu likaondoka, muache.

Kingo na ncha zimekauka kahawia

Hapa angalia umbo la uharibifu, si rangi.

Upande mmoja tu wa mche? Ni upepo, mara nyingi wa Februari na Machi. Majani haya hayapukutiki majira ya baridi, yanaendelea kupoteza maji, wakati bonge la chungu limeganda kama jiwe la barafu na mizizi haiwezi kuyarudisha. Tunaokaa nchi za baridi huwa tunaufunika mche na kukisahau chungu. Fanya kinyume: fungia chungu gunia au plastiki ya vifurushi, kisogeze ukutani, na usiku wa kuamkia baridi kali hakikisha udongo una unyevu.

Ncha zote, pande zote, wiki moja au mbili baada ya kuweka mbolea? Umewaunguza. Aina fupi za majani madogo zina mdomo mdogo. Nawapa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja, mara maua yanapokwisha, na baada ya Julai siwapi kitu. Samadi mbichi ya kuku ndiyo usiikaribishe kabisa. Ukishaunguza, mwagilia maji mengi safi yapite hadi chini mara tatu nne, yaoshe chumvi.

Chipukizi changa limekauka lote mwezi Mei? Jalidi ya usiku. Kagua kwa macho shina la chini kidogo: gome likiwa limechanika wima, tawi hilo linaweza kufa ghafla Juni, wakati ambao wewe umeshasahau usiku ule.

Majani yamejikunja kama sigara

Januari yangu ya kwanza niliamka nikakuta kila jani limejiviringisha na kuning'inia. Nilihisi nimeua familia nzima. Nikachemsha maji, nikayapooza yakawa vuguvugu, nikamwaga kwenye kila chungu. Saa sita mchana jua likatoka, majani yakafunguka, nikajisifu kwa wiki nzima kwamba maji yangu ndiyo yaliyowafufua. Kumbe ndivyo wafanyavyo: baridi ya kugandisha ikishika wanajikunja, ikipungua wanafunguka. Usiguse kitu. Ila yakijikunja hivyo mwezi Julai, nyanyua chungu.

Na kuna hofu nyingine ya bure. Yakushimanum na machotara yake huota majani yenye unga mweupe juu, na chini yake manyoya ya kahawia kama suede ya kiatu. Si kuvu. Nimekutana na mama aliyekaa jioni nzima akiyasugua kwa mswaki na maji ya sabuni, jani baada ya jani. Hayo manyoya ndiyo sifa yake. Mwaka 1934 mimea miwili ya aina hiyo ilisafirishwa kutoka Japani hadi bustani ya Exbury huko Uingereza, na mpaka leo watu huwanunua kwa ajili ya huo mgongo wa jani. Kuvu wa kweli, ubwiri unga, huja na madoa ya njano yaliyofifia juu na utando chini yake. Kata matawi yaliyosongamana hewa ipite, majani yaliyoanguka yazoe.

Madoadoa madogo meupe kama vumbi la sindano juu ya jani, na chini vinukta vyeusi vya kinyesi: wadudu wenye mabawa ya kimia. Karibu kila mara mche uko kwenye jua kali na ukuta wa joto. Uhamishe.

Kingo zimeng'atwa kama tiketi ya daladala

Vipande vya nusu duara, pembeni tu mwa jani, na mchana huoni mdudu. Toka saa nne usiku na tochi. Nenda polepole, kwa sababu akihisi mtikisiko anajiachia na kuanguka kwenye udongo, na rangi yake ndiyo ya udongo. Ni fukusi mweusi, kama sentimita moja, mwenye vidoa vya manjano hafifu na pua butu. Haruki, anatembea. Na wote ni majike, kila mmoja anataga mamia ya mayai bila dume.

Yale mang'atwa yenyewe hayaui, ni urembo tu umeharibika. Muuaji ni mtoto wake. Mayai huangukia udongoni, yanatoka mabuu meupe yaliyojikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, hayana miguu. Kuanzia vuli hadi mwanzo wa machipuo yanakula mizizi midogo, kisha yanapanda kutafuna gome la shina. Mche unaweza kuonekana mzima hadi Machi halafu ukalala siku moja. Ukiushika shina unainuka wenyewe, chini hakuna kitu.

Ndiyo maana kila Septemba nachomoa vyungu vyangu kimoja kimoja juu ya gazeti. Nikiona buu, naponda, naosha mizizi, nabadili udongo. Kisha naweka minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, Steinernema kraussei, inayouzwa kama unga wa kukoroga na maji. Inaingia ndani ya buu na kulimaliza. Agosti hadi Oktoba ndio wakati wake, udongo uwe na unyevu na usipungue nyuzi 5 za joto. Ukiiweka Januari umetupa pesa. Kuku nao wanamaliza mabuu vizuri sana, bahati mbaya mwenye nyumba wangu haruhusu.

Majani mazuri, maua hakuna

Matumba ya mwaka ujao hufanyika kiangazi cha mwaka huu. Hilo moja likikaa kichwani, nusu ya majibu unayo. Ulipogoa Septemba? Umeyakata. Kupogoa ni mara tu baada ya kuchanua. Ulikwenda likizo nyumbani wiki tano Julai na Agosti ukaacha vyungu kwa jirani? Mche ulikausha matumba ili uishi. Ulimwaga mbolea ya nyasi karibu? Naitrojeni imepelekwa kwenye majani. Uko kwenye kivuli cha mti mkubwa? Rododendroni kubwa huridhika na kivuli, hizi fupi za milimani zinataka mwanga, alau nusu siku.

Kama matumba yapo lakini hayafunguki, chuma moja ulipasue. Likiwa laini na kahawia ndani, ni baridi. Likiwa kavu, gumu, na juu yake vinywele vyeusi vilivyosimama kama vichwa vya pini, ni kuvu wa matumba. Hayadondoki yenyewe, yanakaa miaka mtini yakisambaza. Anahusishwa na mdudu mrukaji mzuri sana, wa kijani mwenye mistari myekundu, aliyetoka Marekani Kaskazini. Vunja kila tumba jeusi kwa mkono na ulitupe mbali.

Ua moja mawili kufunguka Oktoba si ugonjwa. Yafurahie, ila hayo ndiyo yaliyokuwa ya Mei.

Walio nyumbani

Naulizwa sana kama zitaota Tanzania au Kenya. Pwani, hapana: joto, na udongo wa matumbawe ni chokaa tupu. Nyanda za juu, azalea zinakubali vizuri kwenye udongo wa chai. Hizi fupi za Himalaya ni ngumu zaidi, zinataka baridi ya kweli. Ukitaka rododendroni ya kitropiki tafuta za kundi la vireya, za milima ya Borneo na New Guinea, ambazo hazihitaji majira ya baridi. Na usije ukaficha mche kwenye sanduku la safari. Mmea kuvuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea, na mabuu niliyoyaeleza hapo juu husafiri bure kwenye udongo wa chungu.

Jambo jingine kwa wenye mifugo: majani yana sumu. Mbuzi na kondoo huugua wakiyala, na Uturuki na Nepali kuna asali ya maua haya inayolevya watu hadi kuzimia. Usipande kando ya zizi, wala usitupe matawi uliyopogoa pale mbuzi anapopita.

Kabla hujautupa

Kwangua gome kwa ukucha, anzia ncha ukishuka. Kahawia, kahawia, kahawia, kijani: kata hapo. Kama kijani ipo popote na mizizi haijaoza, uweke kivulini, unyevu wa wastani, bila mbolea hata chembe, na usubiri hadi mwisho wa Juni. Vichipukizi hutoka kwenye gome kongwe, vidogo kama punje za ulezi, usipotazama kwa karibu huvioni. Mmoja wangu wa 'Scarlet Wonder' ulitoa vitatu wiki ya pili ya Juni, vyote upande mmoja. Nikakata upande uliokufa. Leo umekaa kama mzee aliyeegemea mkongojo, na jana nimeuhesabu: una matumba kumi na moja.